Mtungi wa Lita 20 Haudanganyi

Wasee, hii stori ya "mwili mpya kwa siku 30" imenichosha. Ukifungua simu tu, kijana fulani amesimama mbele ya kioo, tumbo limekatika kama matofali, ati mwezi uliopita alikuwa mwembamba kama fito. Halafu inboksi yangu inajaa: "Bro, nifanye nini nifike hapo kabla shule zifunguliwe?" Wacha nijibu hapa mara moja. Hutafika. Na si kwa sababu wewe ni mvivu. Huyo kijana pia hakufika kwa mwezi mmoja.

Nikwambie nafanyia mazoezi wapi ndio tuelewane. Nilipoacha chuo nilirudi nyumbani Masinga, na hapa kwetu jimu ni uwanja wa nyuma, chini ya mwembe. Chuma changu ni paipu na mikebe ya rangi ya lita 4 niliyojaza zege. Lita moja ya zege ina uzito wa karibu kilo 2.4, kwa hivyo mkebe mmoja unakaribia kilo 10. Ukiweka mkebe kila upande, kilo 20 zimeingia mara moja. Mtu akitoka hapo akaongeza mikebe miwili mingine, ameruka kilo 20 kwa siku moja, na mgongo utamjibu.

Nilichofanya ni kufunga chupa za maji kwenye paipu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikakaza zisicheze. Lita moja ya maji ni kilo moja, hiyo hata darasa la sita wanajua. Chupa ya nusu lita kila upande, umeongeza kilo moja. Wiki ijayo, kama umeinua vizuri bila kupinda mgongo, unaongeza kilo nyingine. Haipendezi kwa video. Paipu inaonekana kama kibanda cha muuza soda. Lakini hiyo ndiyo siri nzima ya kupata nguvu: uzito unapanda kidogo kidogo, mwili unapewa muda wa kulala na kula, halafu unarudi tena.

Wiki za kwanza utaona maajabu. Utainua zaidi karibu kila mara, na mkono bado ni ule ule kwenye kioo. Wengi huacha hapo, wakidhani hakuna kinachofanyika. Kumbe mwanzoni ni mishipa ya fahamu inayojifunza kuamsha misuli uliyo nayo tayari. Misuli yenyewe inakuja baadaye, pole pole, kwa miezi. Ndio maana nasema usiweke lengo la picha. Picha itakukatisha tamaa wakati nguvu inapanda.

Na picha ni rahisi kudanganya. Kuna muuzaji wa poda aliyeniandikia akitaka nifanye chalenji ya siku 30 na mkebe wake mkononi. Pesa aliyotaja ingelipa data yangu miezi mingi, sitaki kujifanya haikuniuma. Kisha akaniambia, kama kitu cha kawaida tu, kwamba picha ya kwanza na ya mwisho zingepigwa siku moja. Nilikataa, halafu nikajipima mwenyewe nione kama inawezekana. Nilikula githeri nikashiba, nikasimama na jua usoni, nikaachilia tumbo: picha ya kwanza. Nikapiga pushapu nne za kumi kumi, nikajipaka mafuta, nikasubiri jua lilale upande wa kulia, nikavuta tumbo ndani: picha ya pili. Dakika 40. Niliwatumia marafiki watatu, na mmoja akaniuliza natumia nini.

Sasa kama unadhani haya ni maneno ya mtu wa mikebe asiye na kocha, mwangalie Julius Yego. Tunapenda kusema alijifunza kurusha mkuki kwa YouTube, na ni kweli alitazama sana video za warushaji wakubwa. Tunachoruka ni miaka. Mwaka wa 2011 alishinda dhahabu ya michezo ya Afrika kule Maputo kwa mita 78.34. London 2012 akaingia fainali ya Olimpiki, akamaliza wa 12. Moscow 2013 akarusha 85.40, akawa wa nne, nje kidogo tu ya medali. Mwaka uliofuata akashinda Jumuiya ya Madola kule Glasgow kwa 83.87. Ona hapo: dhahabu, lakini mkuki umeanguka mita moja na nusu nyuma ya ule wa Moscow. Ndipo Beijing 2015, mita 92.72, bingwa wa dunia.

Hiyo ni mita 14 na kidogo kwa miaka minne, na mwaka mmoja katikati namba ilishuka. Kama mtu wa kiwango hicho hakupanda kwa mstari ulionyooka, kwani wewe wa pushapu sita ni nani?

Kinachonifanya niandike hii leo ni mvulana mmoja wa miaka 16, wa Nairobi. Aliniuliza kuhusu sindano. Kuna mtu wa jimu yao anauza. Hakuniuliza kama ni salama, aliniuliza bei yangu ni gani, akidhani mimi pia nauza. Nitaandika hapa nilichomwambia kwa sababu najua si yeye peke yake. Steroidi za kujenga misuli zinaweza kufunga mifupa kabla ya wakati ukiwa bado unakua, na ufupi utakaobaki nao hautibiki. Zinasinyaza korodani, kwa sababu mwili ukiletewa homoni kutoka nje unaacha kutengeneza zake. Zinaharibu ini na moyo. Na ile ya mtaani hujui hata ndani ya chupa kuna nini. Miaka 16 mwili wako unatengeneza homoni hiyo bure, buda. Kula, lala, inua.

Kula, hapo ndio wengi hunikatiza: "sina pesa ya poda". Nani amekwambia poda? Ukitaka misuli, gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku zinatosha. Mtu wa kilo 60 ni gramu 96. Yai moja lina kama gramu 6, hesabu mwenyewe mayai 16, hakuna mtu nyumbani atakuruhusu. Lakini gramu 100 za ndengu kavu zina karibu 24, na hapa Ukambani ndengu ndiyo chakula chetu, si dawa ya kuagiza. Changanya na kunde, maziwa, yai moja au mawili, omena ukipata. Usipofika 96 kila siku hujafeli. Mwezi wa ukame hata mimi sifiki, na siku hizo siongezi uzito, nashikilia niliopo.

Ndio maana napanga malengo yangu kwa mvua, si kwa mwezi. Kutoka mvua za vuli hadi za masika, kitu kimoja tu. Msimu wa kwanza lengo lilikuwa kujivuta kwenye tawi la mwembe mpaka kidevu kipite, mara moja. Moja tu! Nilikuwa sifuri. Nilikuwa naruka juu, nashikilia, nashuka nikihesabu hadi tano, mara tatu kwa wiki. Ilichukua wiki 11. Binamu zangu walicheka wiki 10.

Wasichana mnaoniuliza kama vyuma vitawafanya muwe na mabega ya wanaume: homoni inayofanya hiyo kazi mnayo kidogo sana, kwa hivyo tulieni. Halafu njooni muone susu yangu. Bwawa la Masinga lilimalizika 1981, ziwa kubwa kuliko mengine yote ya mabwawa ya Tana, na bado yeye amebeba maji mgongoni miaka yote hiyo, mkanda ukiwa kwenye paji la uso. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na chombo chenyewe juu yake. Hakuna mtu aliyemwambia atafute mwanga mzuri. Siku alipozidiwa na umri alihamia mtungi wa lita 10, anaenda safari mbili. Hiyo hesabu ya kupunguza uzito na kuongeza safari, kuna makocha wanaiuza kwa pesa.

Lengo langu la sasa nimeliandika ukutani kwa makaa: kuchuchumaa na kilo 60 mabegani, mara tano, kabla masika yaanze. Jana niliweza kilo 53. Mara ya nne nilitetemeka, ya tano nikaiacha. Leo napumzika, kesho kutwa narudi na 53 ile ile.

Yako je? Niandikie uzito na mara ngapi, ya leo. Picha kaa nazo.