Nani Alichora Hiyo Laini?

Wasee, leo tuongee poligoni. Usikimbie, hii si hesabu ya mtihani.

Hapa Adams Arcade, Ngong Road iko mbele yako, Soko la Toi liko hatua chache, na ukizidi kushuka unaingia Kibera. Kuna apu moja ya chakula inafika kwetu bila shida. Sogeza pini ng'ambo ya Toi, inakataa. Pikipiki ni zile zile, njaa ni ile ile. Kinachokataa ni poligoni: orodha ya pointi ambazo mtu alichagua akiwa ofisini. Programu inauliza swali moja tu: pini iko ndani ama nje?

Niliacha chuo, lakini Python sikuiacha. Nilikaa jioni mbili nikisogeza pini, nikiandika wapi inakubali na wapi inakataa. Ukiunganisha pointi za mwisho zinazokubali, umepata mpaka wao. Ziweke kwa Shapely, na eneo.contains(pini) itakujibu kama apu yenyewe.

Chunga vitu viwili. Shapely inataka x kabla ya y, yaani longitudo kwanza: Adams ni kama (36.78, -1.30). Google Maps hukupa kinyume. Ukinakili hivyo hivyo, mtaa wako utatua ndani ya Mediterania, kati ya Uhispania na Algeria. Pili, hizo ni digrii, kwa hivyo ukiuliza ukubwa wa eneo hupati mita za mraba. Geuza kwanza hadi UTM kanda ya 37 Kusini, EPSG:32737.

Sasa ongeza majengo ya OpenStreetMap, ni ya bure. Mwaka wa 2009 vijana wa Kibera walizunguka vichochoroni na GPS, kwa mradi wa Map Kibera, wakaweka maji, vyoo na shule zao kwenye ramani. Kabla ya hapo, ramani za umma zilipaacha kama pengo tupu. Hawakungoja kuchorwa na mtu.

Maoni yangu ni haya: kampuni inaweza kuwa na sababu nzuri, labda usalama wa waendeshaji. Basi iseme. Lakini "mfumo umekataa" si sababu. Mfumo haukataa mtu, unasoma nambari tu, na nambari zina mwenyewe. Hesabu majengo yaliyoachwa nje, kisha umuulize huyo mwenyewe.