Pesa ya Corona na mashamba ya Djugu

Mwezi wa nne 2020, nilikuwa nimetoka kusoma habari redioni, nikapita kwenye kambi ya waliokimbia makwao, pale karibu na ISP hapa Bunia. Mama mmoja mtu mzima, mkulima kutoka upande wa Fataki, akaniita.

– Mwanangu, ule msaada wa Corona uliousoma, sisi tunaupatia wapi?

Niliusoma kwa furaha kabisa. Mgonjwa wa kwanza alionekana Kinshasa tarehe 10 Machi. Tarehe 24 Rais Tshisekedi akatangaza hali ya dharura, mipaka ikafungwa. Halafu serikali ikasema maji na umeme vitakuwa bure miezi miwili kwa raia majumbani. Ndiyo habari niliyoisoma. Mama akatazama hema yake, akacheka.

– Bomba gani? Taa gani?

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile, nikipewa habari ya msaada nisome, najiuliza kwanza ni nani ataweza kuupokea.

Maana msaada wa Corona, karibu kila mahali, ulimfuata mtu ambaye anajulikana anakaa wapi. Mwenye mita ya umeme alisaidiwa kwa mita. Kule Kinshasa, mradi wa STEP-KIN ulituma pesa kwa simu. Jirani zetu wa Uganda, mwaka 2021, walituma shilingi 100,000 kwa maskini wa mijini. Mkulima wa kijijini hakuwemo. Marekani walimkumbuka mkulima: mwaka 2020 walitenga dola bilioni 16 za kulipa wakulima na wafugaji moja kwa moja. Mtu alikwenda kwenye ofisi ya kilimo ya wilaya yake, akaonyesha ana ng'ombe wangapi au mavuno gani yaliyopoteza bei, akalipwa kwa hesabu hiyo. (Mwenye vingi alipata vingi, hilo nalo tuliseme.)

Nilimsimulia mama habari hiyo ya Marekani, nikidhani atacheka tena. Hakucheka.

– Na kama ng'ombe wameibwa, wanahesabu?

Ndugu wasomaji, hapo ndipo penye shida yetu. Mkulima wa Djugu hakunyang'anywa mavuno na Corona. Alikuwa amekwisha kuyaacha shambani, kwa sababu ya mauaji yaliyoanza mwisho wa 2017 na yaliyochoma vijiji tena mwaka ule wa 2020. Corona ilimkuta kambini. Kunawa mikono tulikuwa tumezoea tangu Ebola ya 2018, lakini kukaa mbali na mwenzako ndani ya hema ya watu saba, nani angeweza? Kibarua cha kulima mashamba ya watu kando ya mji kikapungua, na chakula sokoni kikapanda bei. Mama alipewa jembe na mbegu na shirika moja. Mbegu walizipika. Jembe aliliuza akanunua unga, na mimi siwezi kumlaumu: angelima wapi, kati ya kamba za mahema?

Siku moja akaniambia nitoe daftari. "Andika." Akaanza kuhesabu kwa vidole: shamba la mihogo kutoka mtoni mpaka kwenye mti wa mwembe, la maharagi nyuma ya nyumba, ng'ombe 4, mbuzi 11. Akataja majina ya jirani wa kila mpaka, hata wawili ambao walikuwa wamekwisha kufa. Nikamwambia mimi si ofisi, karatasi yangu haina muhuri. Akasema anajua, niandike tu. Tukajaza kurasa mbili, akaweka kidole gumba chini.

Mwaka jana kijana wake alinitafuta, akauliza kama daftari lile bado liko.

Liko.