Cherehani za Mguu, Jang'ombe

Kabla ya Desemba 2009, mtu aliyehesabiwa kuwa anafanya kazi katika duka letu la ushonaji pale Jang'ombe ni yule ambaye cherehani yake ilikuwa inalia. Ukisita kidogo ukaangalia kitambaa, umekaa bure. Ukitoka barazani kunyoosha mgongo, wewe mvivu. Tulikuwa vijana, wengine bado wako skuli, tunashona kanzu, suruali na sare za wanafunzi, na kila mmoja alikuwa na lundo lake pembeni lisilopungua. Oda haikukataliwa. Mteja akileta kitambaa siku mbili kabla ya Idd kilipokelewa, na jina lake likaingia katika daftari chini ya majina ya wengine walioahidiwa siku hiyo hiyo.

Fundi wetu, ambaye sote tulimwita Ami, alilelewa katika mwendo huo na aliuamini. Usiku wa kuamkia Idd hatukulala. Mashine za umeme zilikwenda mpaka alfajiri, na kukipambazuka tu barazani kunaanza malalamiko: mkono mmoja mrefu kuliko wa pili, kaba imekaa kombo, kanzu ya baba imekatwa kwa vipimo vya mwana. Tukafumua tulichokesha tukikishona, na kufumua kunakula muda kuliko kushona. Migongo ilituuma, macho yalikuwa mekundu, na maneno makali yalitoka kwa watu wanaopendana. Hakuna aliyeuliza kama akili nayo huchoka. Mitaa yetu haiko mbali na Kidongo Chekundu, penye hospitali ya maradhi ya akili, na jina la mahala pale tulilitumia kutaniana na kutishana. Afya ya akili tuliiona kuwa ni habari ya watu waliokwisha kuugua.

Desemba ile umeme unaotoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ulikatika. Unguja nzima ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Mwaka uliotangulia ule, kati ya Mei na Juni 2008, tulishakaa bila umeme kiasi cha mwezi, na Ami alikodi jenereta akangoja mambo yatengenee. Safari hii jenereta haikulipa, maana mafuta yalimaliza faida yote. Maji nayo yakawa taabu, kwa sababu pampu zinategemea umeme huo huo, na asubuhi nyingi tulifika kazini tumeshachoka kwa kubeba ndoo. Ami akenda kwa dada yake, akarudi na cherehani za mguu zilizokuwa zimefunikwa shuka miaka mingi. Akazitia mafuta, akabadilisha mikanda, akatoa na pasi ya mkaa. Kazi ikaanza upya.

Jua ndilo lililotupangia. Kukata kunataka macho na utulivu, basi kukahamia asubuhi, mwanga ukiwa unaingia mlangoni na vichwa bado vyepesi. Badani, taharizi, vikwapa, kaba, vyote vilikatwa kabla ya saa nne, na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha anayekata. Kisha tukashona mpaka Adhuhuri. Mchana, kwa joto la kaskazi na feni zimesimama, ndani hapakaliki, kwa hiyo tulipumzika, na aliyetaka alilala. Baada ya Alasiri tulitoka barazani na kazi za mkono: vifungo, pindo, darizi ya shingo. Muuza kahawa akipita alikuta watu wanazungumza huku sindano zinakwenda. Magharibi ikiingia tunafunga, kwa sababu hakuna aliyeweza kutunga uzi kwa kibatari.

Cherehani ya mguu ina mwendo wake. Kanyagio likienda kwa pupa uzi unakatika, na ukipotoka unaliona kosa lako mapema, kabla halijafika mbali. Kwa kuwa tuliweza kushona kidogo tu, Ami alianza kupiga mstari katika daftari chini ya jina la mwisho tutakalolimaliza wiki ile. Mteja aliyekuja baada ya mstari aliambiwa ukweli: "Wiki ijayo, inshallah." Mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo tuliangaliana.

Maulidi ya mwaka ule yaliangukia mwishoni mwa Februari, giza bado liko. Madrasa moja ilileta oda ya kanzu za watoto watakaosoma maulidi ya homu. Wenye kuijua homu wanajua kwamba wasomaji hupiga magoti kwa safu, wakayumba pamoja na kunyanyua mikono. Kanzu za watoto wale zilikuwa zikichanika kwapani kila mwaka, na kila mwaka tulizishona vile vile. Jioni moja Ami alikuwa barazani na kikombe chake, hana kitambaa mkononi, anawatazama watoto wanaofanya mazoezi uwanjani. Akaingia ndani ghafla, akatoka na mabaki ya kitambaa.

"Ami, kwani tusipanue badani nzima?" nilimuuliza.

"Ukipanua badani, mwanangu, mtoto atapotea ndani ya kanzu. Panapovutwa ni kwapani. Hebu shika hapa."

Tukavuta kile kipande kufuata uzi wake, kikakaza. Tukakivuta mshazari, kikafuata mkono. Miaka yote, kwa haraka, vikwapa tulikuwa tukivikata katika masalio bila kutazama uzi umeelekea wapi. Safari ile tulivikata vikubwa kidogo, na tukavielekeza ili mvuto uukute mshazari wa kitambaa. Kanzu za Maulidi yale zilisalimika. Ami aliijua hesabu ya mshazari tangu ujana wake. Alichokikosa ni nafasi ya kuikumbuka.

Umeme uliporudi Machi, mtaa mzima ulipiga kelele za furaha, nasi tukarudi kwenye mashine zetu. Lakini mpango ukabaki: kukata asubuhi, mapumziko mchana, baraza Alasiri, mstari katika daftari. Wako wateja waliotuhama, na nyumbani kwa Ami palikuwa na manung'uniko juu ya mapato. Baadaye kazi ya kufumua ilipungua, kitambaa kilichoharibika hatukukilipa tena kwa kiasi kile, na waliohama baadhi yao walirudi. Usiku wa kuamkia Idd el-Fitr, Septemba 2010, tulifunga duka baada ya Isha. Asubuhi nilisali Idd nikiwa nimelala usiku kucha, nimevaa kanzu iliyokaa sawa.

Mwaka 2013 ulianza kazi waya mpya wa megawati 100 kutoka Bara. Kilichokuja kutujaribu baada ya hapo ni simu. Picha za mishono zilianza kuingia usiku wa manane, kila mmoja anataka jibu papo hapo. Ami akaamua kuwa simu zinajibiwa baada ya Adhuhuri, na saa za kukata zikabaki na kimya chake.

Mimi nilihamia kazi ya ofisini, mjini. Huko nako nilikuta cherehani zinalia kwa namna nyingine: vikao juu ya vikao, ujumbe wa kazi mpaka kitandani, na sifa kwa anayetoka wa mwisho. Mei 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa aina hii, unaotokana na mashaka ya kazi yasiyodhibitiwa, kuwa ni jambo la kazini linaloathiri afya. Maelezo yale sikuyaona mageni. Kitengo changu sasa kinaandika na kupanga mambo mazito asubuhi, vikao vinangoja mchana, orodha ya kazi za wiki ina mstari wake, na baada ya saa za kazi mtu haulizwi jambo linaloweza kungoja kesho.

Naamini kwa moyo wote kwamba mkuu wa kazi, awe fundi au mkurugenzi, ana dhamana ya akili za watu wake kama alivyo na dhamana ya zana zake. Sisi tulilazimishwa na giza. Mwenye umeme, afya na madaraka anaweza kupiga mstari katika daftari lake wiki hii hii.