Kuala Lumpur, Mji Uliozaliwa na Shimo la Bati

Ndugu msomaji, najua utaniuliza: mchungaji wa Kolwezi amepata wapi franka ya kupeleka jamaa yake konje mpaka Malaysia? Swali ni la haki, nami nalijibu kwanza. Binti yetu wa kwanza anasoma kule, na miaka tatu hatukumuona. Mama yake aliuza maharagwe na samaki wa kukausha sokoni, mimi nilifuga kuku, na shemeji yetu akaongeza tiketi moja. Njo tukaenda watu watatu: mimi, mama, na kitinda mimba wetu wa miaka kumi. Jua basi jambo la kwanza: ndege njo inakula franka. Mji wenyewe, ukiutembea kwa akili, hauli mingi.

Kutoka uwanja wa ndege mpaka mjini ni zaidi ya kilometa 50. Usikubali taksi ya mtu anayekuita mlangoni; kuna basi, na bei yake ni ndogo. Angalia pia kwa dirisha. Utaona mashamba ya mawese, mistari na mistari, mpaka macho yachoke. Mti huo unaujua, kwa maana asili yake ni Afrika. Shamba la kwanza la kuuza mawese lilipandwa kule mwaka 1917, na leo Malaysia ni nchi ya pili duniani kwa mafuta hayo, nyuma ya Indonesia paka.

Kwa kulala, tafuta chumba karibu na Pasar Seni, soko lililoanza mwaka 1888. Sisi tulikuwa na chumba kimoja na vitanda viwili, na bafu tuligawana na wageni wengine. Kwa chakula, usiingie hoteli kubwa wala usitafute bukari. Kaa kwenye meza za kando ya barabara, uombe nasi lemak: ni wali uliopikwa na tui la nazi, pamoja na karanga, yai, pilipili, na samaki wadogo wakavu sawa kapenta yetu. Asubuhi kuna roti canai, ndugu ya chapati, inaliwa na mchuzi. Mtoto wetu alishiba kila siku. Tembea asubuhi, kwa maana mchana mvua inaweza kushuka ghafula, na inashuka kweli.

Vitu vingi vizuri havina malipo. Chini ya minara miwili ya Petronas, yenye mita 452, kuna bustani na kidimbwi cha watoto kuchezea maji. Kwa treni utafika pia Batu Caves, mapango makubwa ndani ya mlima wa mawe ya chokaa. Ngazi ni 272, na tangu mwaka 2018 zimepakwa rangi nyingi. Mahali hapo ni pa ibada ya Wahindu, kwa hiyo mama na binti wafunike magoti. Mgeni mwenye adabu anapokelewa. Na ushike chakula chako vizuri! Nyani wa pale hawaombi ruhusa. Mmoja alinyanganya mtoto wetu ndizi, akaimenya mbele yake bila haraka.

Lakini sisi watu wa migodi tuko na sababu ingine ya kuuangalia mji huu. Jina lake maana yake ni makutano ya mito yenye matope. Mwaka 1857 Wachina 87 walipanda mto Klang kutafuta bati, ile madini tunaijua kwa jina la kasiteriti. Wengi wao walikufa upesi kwa malaria. Wengine wakaletwa, shimo likaendelea, na kambi ya wachimbaji ikakuwa mji mkubwa. Kwa miaka mingi Malaysia ilikuwa ya kwanza duniani kwa bati. Halafu, mwezi wa kumi mwaka 1985, bei ikaanguka katika soko la London, na migodi mingi ikafungwa.

Siku moja binti yetu alitupeleka kwa treni mpaka Serdang, kuona ziwa. Maji ni mengi, kando yake kuna nyumba nzuri na mahali pa kutembea. Ziwa lile lilikuwa shimo la bati, moja ya mashimo makubwa ya wazi duniani. Mama alisimama pale muda mrefu. Yeye ni mzaliwa wa Manono, na baba yake alichimba kasiteriti mpaka kazi iliposimama. Akasema: “Soko ni moja. Bei ilianguka kwao, ikaanguka na kwetu. Sasa mbona wao wako na ziwa, na sisi tuko na shimo?”

Sikuwa na jibu la haraka, lakini hesabu yake inaonekana. Bati ilipoanguka, wao walikuwa wamekwisha kupanda mpira na mawese, na kujenga viwanda. Hawakungoja shimo liishe ndipo watafute kazi ya pili. Sisi leo tunasema kobalti, na Manono wanasema litiamu, sawa vile baba zetu walisema kasiteriti.

Kama Malaysia ni mbali kwa mfuko wako, usivunjike moyo. Anza na maporomoko ya Lofoi kule Kundelungu, mkate na maji katika kikapu. Na siku ukipita na watoto karibu na shimo la kwenu, simama kidogo, uwaulize: madini haya yakiisha, mikono yenu itajua kazi gani? Halafu rudi nyumbani, uhesabu franka ya masomo mbele ya franka zingine zote.