Saa, Muda na Nafasi

Mwaka juzi niliazimia kuomba masomo ya uzamili ya biashara katika vyuo vitatu vya ng'ambo, na vyote vitatu vilitaka alama za mtihani uitwao GMAT. Nilikuwa mhasibu, baba wa mtoto mmoja, mkaazi wa Mbagala, na siku ya mtihani ilikuwa imebakiza miezi mitatu. Nikafanya jambo ambalo aghalabu hufanywa na mtu aliyeingiwa na hofu: nikachora ratiba.

Ilipendeza macho ratiba ile. Nilinunua karatasi ya manila na kalamu za rangi, nikagawa miraba, nikajipangia saa 3 kila usiku kwa siku 90, jumla saa 270. Jumatatu hesabu, Jumanne ufahamu, Jumatano uchambuzi wa hoja, na kuendelea. Nikaibandika ukutani sebuleni, kando ya kalenda, nikalala usingizi mzito kana kwamba nimekwisha kusoma.

Kwa asiyeujua mtihani huo, nieleze kwa ufupi. Una sehemu tatu: hesabu yenye maswali 21, lugha yenye maswali 23, na uchambuzi wa data wenye maswali 20. Kila sehemu ina dakika 45. Hufanywa kwa kompyuta, nayo hupandisha au kushusha ugumu wa maswali kufuatana na majibu yako. Katika kila sehemu unaruhusiwa kurudi na kubadilisha majibu yasiyozidi matatu. Kwa hiyo swali moja la hesabu halina hata dakika mbili na robo. Maarifa mengi yanayohitajika ni ya shule ya sekondari. Kinachowashinda watu wengi ni wakati.

Wiki ya kwanza nilisoma saa 5 badala ya 21. Wiki ya pili nilisoma 6. Foleni ya barabara ya Kilwa ilinifikisha nyumbani nimechoka, mtoto akataka kubebwa, umeme ukakatika. Mhasibu hupenda kuhamisha salio, nami nikaanza kuyahamisha madeni: Jumanne iliyopotea nikaipeleka Jumamosi, na Alhamisi nayo nikaipeleka huko huko, hata Jumamosi moja ikawa na saa 9. Deni lilifika saa 31, nami sikuwa na tumaini la kulilipa.

Ndipo alipokuja Mama kutoka Tanga. Goti lilimsumbua, na kila Alhamisi alitakiwa kwenda hospitali kufanyishwa mazoezi ya viungo. Usiku wa kwanza, baada ya chakula, alisimama mbele ya manila yangu akaisoma kwa utulivu, kidole kikifuata mistari.

"Mwanangu, hii ishirini na moja ni saa ngapi?"

"Ni saa tatu usiku, Mama."

"Basi si uandike saa tatu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kidole kilishuka hadi Alhamisi, kikapita mraba hadi mraba.

"Na mimi niko wapi humu?"

Sikuwa na jibu. Hakuwamo. Mke wangu hakuwamo, mtoto hakuwamo, wala daladala. Mama hakuonyesha kukasirika. Aliomba maji ya kutawadha, akaenda kuswali Isha. Nami nikabaki nikiitazama karatasi.

Usiku ule niliyafikiria maneno. Kiswahili hakina neno moja tu la kitu hiki tunacholalamika kutokuwa nacho. Tuna saa, ambayo ni chombo na pia ni kipimo. Saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na tena linapozama, jambo lenye maana katika nchi iliyo karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hulingana takribani mwaka mzima. Tuna muda, yaani kipande chenye mwanzo na mwisho. Tuna wakati, ambao huja wenyewe na kupita. Na tuna nafasi. Mswahili akialikwa mahali asipoweza kwenda husema, "Sina nafasi." Neno hilo hilo hulitumia kwa kiti kilicho wazi ndani ya basi. Asili yake ya Kiarabu imekaribiana na pumzi, na yamkini ndiyo maana mtu asiye na nafasi huonekana kama aliyebanwa kifua.

Nikaona kosa langu. Niligawa saa bila kutafuta nafasi. Saa 270 zilikuwa sahihi katika hesabu, ila hazikuwa na mahali pa kukaa katika nyumba yangu.

Wiki ya tatu sikupanga kitu. Nilichukua daftari dogo nikaandika, kila jioni, jinsi siku ilivyopita kwa kweli. Niligundua kwamba usiku haukuwa wangu hata kidogo, lakini kuanzia saa kumi na nusu alfajiri hadi saa kumi na mbili hakuna aliyenihitaji. Siku tano za kazi zilinipa saa 7 na nusu. Benchi la hospitali, nikimsubiri Mama kila Alhamisi kwa ruhusa ya kazini, lilinipa saa 1 na nusu. Jumapili, mke wangu akiwa amekubali, ilinipa saa 3 za kufanya jaribio kamili na kulisahihisha. Jumla saa 12 kwa wiki, kwa wiki 10 zilizobaki: saa 120. Hazikufika hata nusu ya ndoto yangu, lakini zilikuwapo.

Mama hutunga mashairi ya harusi, na tangu utotoni nimemwona akihesabu mizani kwa vidole. Mshororo wa mizani 16 haupokei ya 17. Neno likizidi hulivuti; hulitoa ukatafuta jingine. Saa 120 zilinilazimisha vivyo hivyo. Niliacha kusoma vitabu vitatu nikabaki na kimoja. Mada nilizozimudu sikuzigusa tena. Na swali lililonigomea katika jaribio nililikisia nikaendelea, maana kulibembeleza kwa dakika tano ni kuyanyima maswali mengine haki yake.

Jambo jingine lilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Kila swali nililokosa, niliandika sababu yake kwa sentensi moja ya Kiswahili. Mtihani ni wa Kiingereza, na kwa Kiingereza niliweza kujidanganya kuwa nimeelewa, kwa kuwa nilikariri maneno ya kitabu. Kwa Kiswahili sikuwa na maneno ya kukariri. Ilinibidi nielewe kwanza. Hoja moja ilidai kwamba tangazo liliongeza mauzo kwa sababu tu mauzo yalipanda baada yake. Nikaandika: "Kufuatana si kusababishana." Tangu siku hiyo mtego wa namna hiyo haukuninasa tena.

Siku ya mtihani Mama aliniuliza ni saa ngapi. Nikamwambia ni saa mbili asubuhi, naye akaniombea dua. Alama zangu zilitosha kwa vyuo viwili kati ya vitatu, na kimoja kikanipokea. Hesabu ilinipa chini ya nilivyotaka, nami najua ni mada zipi nilizozitoa kafara. Mama alirudi Tanga akitembea bila fimbo.

Ndugu msomaji unayejiandaa kwa mtihani kama huu huku una kazi na watu wanaokutegemea, nakushauri wiki ya kwanza usipange. Andika tu siku zako zilivyo, kisha uwaulize wa nyumbani mwako kama wamejiona humo. Ukishapajua palipo na nafasi, ndipo uchore ratiba. Na saa za usiku ziandike kwa Kiswahili, ili kila apitaye ukutani aweze kuzisoma.