Kutoa Sumu

Ndugu msomaji, kabla hujaniita mlevi, nipe nafasi nijitetee. Daftari ninalotaka kukusimulia habari zake lilibaki tupu nilipomaliza chuo cha ualimu. Nililiweka nikitegemea kuandikia maandalio ya masomo pindi ajira itakapotoka. Ajira haikutoka. Mwaka ukaisha, wa pili ukaingia, nami nipo tu nyumbani Kishapu, mkoa wa Shinyanga, nakula ugali wa mama na kuhesabu mbuzi wa jirani. Nikaona heri nijiajiri mwenyewe. Kazi niliyojipa ni kuonja pombe za kienyeji na kuzipa alama.

Usicheke. Kwa wenzetu kazi hiyo ina heshima zake. Kulikuwa na Mwingereza aitwaye Michael Jackson, siyo yule mwanamuziki, huyu alikuwa mwandishi wa habari. Mwaka 1977 alitoa kitabu kizima juu ya bia za dunia, na mpaka anafariki mwaka 2007 alikuwa akiishi kwa kunywa na kuandika. Nikajiuliza, huyo bwana alikwenda Ubelgiji, akaenda Ujerumani, lakini kilabu cha Mhunze atakiandika nani?

Basi nikachora safu. Jumla alama kumi. Rangi na povu, mbili. Harufu, mbili. Ladha, tatu. Uzito mdomoni, mbili. Na alama moja ya mwisho niliiacha mpaka kesho yake asubuhi, nione kichwa kimeamkaje. Ualimu ulikuwa haujanitoka, kama unavyoona.

Nilianza na wanzuki. Nzuki kwa Kisukuma ni nyuki, kwa hiyo jina lenyewe linakuahidi asali. Lakini vilabu vitatu vya kwanza nilivyopita, nyuki hakuwa amehusika kabisa. Ilikuwa sukari, maji na hamira. Nikatoa nne, nne, na tatu. Kangara ya pumba za mahindi nikaipa tano kwa sababu ya harufu yake ya mkate unaoanza kuungua. Chibuku ya dukani nayo nikaionja, kwa heshima ya jina. Inasimuliwa kwamba mzungu aliyeianzisha kule Zambia alikuwa akiandika kila pipa katika kitabu chake, na wanywaji wakaiita pombe ya kitabu. Nikajisikia nina ndugu. Nikaipa sita, ingawa ilistahili tano. Bia za chupa sikuzigusa. Balimi, ambayo maana yake ni wakulima, mkulima wa kwetu huinywa akishauza pamba, na mimi sikuwa na pamba. Gongo nayo niliiruka. Sheria ya mwaka 1966 imeikataza kuitengeneza bila leseni, na isitoshe nimeshazika watu.

Sasa ikabaki pombe moja, ya mtama, na mpishi wake ni mama yangu.

Hapa inabidi nieleze. Mama amepika pombe tangu sijazaliwa. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye pipa lile, na sare, na godoro la bweni. Wenzangu wakiniuliza shuleni mama anafanya kazi gani, nilikuwa najibu, "Mkulima," na nilikuwa sidanganyi, ila nilikuwa namalizia mapema. Kijijini kwetu akina mama wapika pombe wana zamu, hawapiki wawili siku moja, ili kila mmoja apate wateja wake. Zamu ya mama ikifika, nyumba nzima inajua siku nane kabla.

Siku ya kwanza jioni analoweka mtama mwekundu. Mweupe ni wa ugali. Mwekundu una uchungu, hata kweleakwelea wanaupita wakitafuta mwingine, na uchungu huo ndio unaoipa pombe rangi na mwili. Kesho yake anauchuja maji, anaufunika kwa gunia bichi mpaka uote mizizi midogo kama ndevu za kijana. Hicho ndicho kimea. Anakianika, anakisaga. Kisha unapikwa uji, unapoa, unatiwa kimea, unalala, unaamka una uchachu, unapikwa tena. Kuni zinazotumika hapo si mchezo. Miaka ya nyuma akina mama walizifuata mbali sana. Nafuu ilianza baada ya mradi wa HASHI, ule wa hifadhi ya ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986, watu walipozirudia ngitili na miti ikapewa nafasi ya kuota. Mwisho kabisa kinatiwa kimea cha pili, pipa linafunikwa, na usiku ule ukiweka sikio unasikia pombe inaongea.

Asubuhi ya siku ya nane wateja wanakaa kwenye magogo. Mama anachota kata ya kwanza, na kabla hajampa mtu yeyote anakunywa yeye mwenyewe, mbele ya wote, mpaka chini. Huko ndiko kutoa sumu. Maana yake, kama kuna ubaya humu, unianze mimi. Hakuna mzee wa kwetu atakayegusa kibuyu kabla mpishi hajafanya hivyo.

Nilikaa kwenye gogo na daftari langu kama mkaguzi wa elimu. Nikanywa, nikaandika. Jioni mama akaniuliza, "Mimi umenipa ngapi?"

"Saba, mama."

Akanitazama. "Na zile tatu umempa nani?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Akakaa karibu yangu, akashika jalada la daftari kama mtu anayepima kitambaa. Akasema, "Mwanangu, kwa kuwa kazi yako ni kuonja, nenda Geita ukaonje anachokunywa mdogo wako. Halafu uje uniambie."

Nikajua kwamba siku zote alikuwa akinisubiri nifike hapo.

Mdogo wangu alikwenda machimboni akiwa ameacha shule kidato cha pili. Alisema anakwenda miezi mitatu. Huu ulikuwa mwaka wa nne. Pesa alikuwa akituma mara moja moja, nyingi kwa mpigo, kisha kimya. Watu waliorudi walituletea maneno nusu nusu: yupo, anapambana, ila kinywaji kimemzidi kidogo. Hiyo "kidogo" ndiyo iliyokuwa haimpi mama usingizi.

Nauli alinipa yeye, hela ya pipa. Nikapanda basi Shinyanga mpaka Kahama, nikabadili gari, tukapita Kakola, penye mgodi wa Bulyanhulu ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2001, hatimaye Geita, penye mgodi mkubwa zaidi uliofunguliwa mwaka 2000. Njia nzima kando ya migodi hiyo yenye uzio na taa, kuna ile ya wachimbaji wadogo: mashimo, maturubai, na vumbi la rangi ya matofali. Yeye alikuwa upande wa Nyarugusu. Nilimkuta saa nane mchana ametoka kwenye duara, uso wote mweupe kwa unga wa mawe, nikampita bila kumtambua. Yeye ndiye aliyeniita.

"Braza! Unaenda wapi sasa?"

Tulishikana mikono, tukasahau kuachiana. Amekonda, lakini mabega yamekuwa ya mtu mzima. Akanionyesha kila kitu kwa fahari: duara lao na matimba yanayolizuia lisibomoke, karasha linalotafuna mawe kwa kelele za kukutoa meno, mwalo wanakosafishia mchanga, na beseni ambamo mtu alikuwa amechovya mikono mitupu akifinyanga mchanga na zebaki. Aliniambia kwamba mshahara hakuna. Mwenye duara anawalisha, na mawe yakitoka ndipo wanagawana viroba. Zamani kiroba kilikuwa na maana mbili pale machimboni, cha mawe na cha pombe kali, mpaka serikali ilipopiga marufuku pombe ya viroba Machi mwaka 2017. "Sasa imehamia kwenye chupa ndogo," alisema. "Kiroba kimebaki cha mawe tu."

"Na wewe unakunywa nini?" nikamuuliza, daftari likiwa mfukoni.

"Twende."

Kilabu chenyewe kilikuwa turubai juu ya miti minne. Mama mwenye nyumba ni wa makamo, na alipofungua mdomo nikajua ni wa kwetu.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia. Akafurahi sana, akauliza natokea wapi, akafuta benchi kwa kanga. Kisha akachota komoni kwa kopo la plastiki, akanikabidhi.

Nikalishika tu. Nikangoja.

"Vipi mwanangu, kuna mdudu?"

"Nakungoja utoe sumu, mayu."

Turubai zima likaangua kicheko. Jamaa mmoja alipiga paja mpaka akamwaga cha kwake. Yule mama naye alicheka, lakini kicheko chake kilikatika kabla ya cha wenzake.

"Huko nyumbani nilikuwa natoa," alisema. "Huku hakuna anayengoja. Mtu anatoka shimoni, anataka sasa hivi, na jioni kuna wengine. Ile ya siku nane nitampikia nani? Naweka sukari, naweka hamira, inalala usiku mmoja, asubuhi inauzwa. Nikichelewa wanahamia kwa jirani. Nina watoto watatu."

Nikamwuliza kimea anatoa wapi. Akasema kimea anaweka kiganja tu, kwa ajili ya rangi.

Hapo mdogo wangu akalichukua kopo mkononi mwangu. "Lete, braza, nikutolee mimi." Akalinyanyua. Na ndipo nilipoona mkono wake unatetemeka. Ulitetemeka kama wa mzee, kopo likagonga meno. Alikunywa nusu, akafuta mdomo, akanirudishia akitazama pembeni. Ulitetemeka kwa pombe, au kwa zebaki, au kwa nyundo ya kutwa nzima, sikujua, na mpaka leo sijui. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili.

Nikanywa iliyobaki. Ilikuwa tamu ya juujuu, kisha chini yake kuna ukali usio na mwili, kama mtu anayepiga kelele ndani ya nyumba isiyo na vitu. Nikatoa daftari kwa mazoea. Rangi, moja. Harufu, sifuri. Ladha, moja. Uzito, sifuri.

"Umetupa ngapi?" mdogo wangu akauliza.

"Mbili mpaka sasa. Moja ya kichwa bado mpaka kesho."

"Mwambie mama nane."

"Kwa nini nane?"

"Saba hatalala. Tisa hataamini."

Nikamwambia turudi wote nyumbani. Maneno yote niliyopanga njiani niliyasema, ya afya, ya mama, ya shule za jioni. Alinisikiliza kwa adabu, kama ndugu mdogo anavyomsikiliza mkubwa. Kisha akasema taratibu, "Kaka, wewe una cheti. Umekaa nacho mwaka wa pili unaonja pombe. Mimi nina duara lililofika kwenye mwamba wenyewe. Tukilifungua mwezi huu, nani atakuwa mjinga?" Sikuwa na jibu. Asubuhi iliyofuata kichwa kiliniuma hasa, na saa kumi na mbili nilimwona akipitia pale kwenye turubai kabla ya kushuka. Alikunywa kopo moja akiwa amesimama, kama watu wanavyokunywa chai.

Nilirudi Kishapu. Mama alinipa maji ya kuoga na chakula, akaacha nimalize. Ndipo akauliza, "Anakunywa nini?"

"Komoni. Si mbaya, mama. Nimeipa nane."

Akatikisa kichwa polepole. "Inapikwa siku ngapi?"

Ndugu msomaji, swali hilo halikuwemo kwenye safu zangu. Nilikuwa nimepima rangi, povu, harufu na uzito, kumbe mpishi anapima kitu kimoja tu, na ndani ya hicho mna vyote. Ningeweza kusema siku sita, siku tano. Ulimi ukakataa.

"Usiku mmoja," nikasema.

Hakulia wala hakunigombeza kwa zile nane. Alinyamaza muda mrefu, akiokota mawe kwenye ungo wa choroko. Kesho yake haikuwa zamu yake, lakini aliloweka debe zima la mtama mwekundu. Akina mama wenzake walipokuja kumwuliza kulikoni, akawaambia hii si ya kuuza hapa. Kilipokauka kimea hakukisaga chote. Alikitia kwenye mfuko, akaushona mdomo kwa uzi wa katani, akaniambia nimpelekee konda wa basi, na maagizo kwamba apewe yule mama wa turubai, mwanangu anamjua.

Baada ya wiki tatu mdogo wangu alipiga simu. Yule mama alipokea kimea, akaficha ndoo moja nyuma ya turubai, akaipika kwa siku zote zinazotakiwa. Wateja walimcheka, wengine wakahama. Siku ya kuiva ilikuwa Jumapili. Alichota kopo la kwanza, akasimama katikati, akanywa mpaka chini, ndipo akawagawia. Watu walikaa, alisema, kwa mara ya kwanza walikaa chini.

"Na mkono wako?" nikamuuliza.

"Mkono upo," akajibu, na salio likakatika.

Mama alitaka kujua hiyo nimeipa ngapi. Nilifungua daftari nikamwonyesha mstari: jina la mahali, tarehe, mpishi, na safu ya alama ipo wazi, kwa sababu sikuwepo kuionja. Akaitazama kama anayesoma, ingawa kusoma hajui. Kisha akaenda kuangalia kama limebaki gunia jingine la mtama.