Springi Hununuliwa kwa Kilo

Maisha yangu ya kazi yamepita chini ya magari ya utalii ya Arusha, hasa Land Cruiser za mfululizo wa 70, zile zinazokatwa, zikarefushwa, zikafunguliwa paa, kisha zikainuliwa ili zimudu makorongo. Kazi hiyo imenifikisha kwenye hukumu moja ambayo madereva wengi, na hata mafundi wenzangu kadhaa, hawaipendi: springi za nyuma za gari lililoinuliwa zikichoka, kimo cha gari ni dalili tu, ugonjwa wenyewe ni uzito. Mwenye gari huingia gereji akisema limelala nyuma, lipandishwe. Fundi huchukua futi, hupima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, na mazungumzo yote yanakuwa ya sentimita. Hakuna aliyeuliza gari hilo hubeba kilo ngapi siku za kawaida.

Mfululizo wa 70 ulipoanza mwaka 1984, aina zake za kazi nzito zilikuwa na springi za bapa mbele na nyuma. Mwaka 1999 za mbele zikawa za koili, za nyuma zikabaki bapa, na sababu inaeleweka: bapa hubeba mzigo na papo hapo huishikilia ekseli mahali pake. Lakini karibu kila kinachoongezwa kwenye gari la utalii huangukia huko nyuma. Dizeli lita moja ina takriban gramu 840, kwa hiyo matangi mawili ya lita 90 yakijaa ni kilo 150 kabla hujapakia chochote. Weka magurudumu mawili ya akiba, jokofu, betri ya pili, maji ya kunywa, mabegi, na wageni wa viti vya nyuma. Kisha kuna uzito ambao watu huusahau kwa sababu haushuki kamwe: chuma cha bodi iliyorefushwa na paa la kuinuka. Hata gari likilala uani usiku kucha bila abiria, springi zake ziko kazini.

Wapo wanaosema barabara ndiyo inayoua springi, na wananionyesha vumbi na mawimbi yanayoanza lami inapoishia kwenye geti la Loduare, Ngorongoro, na kuendelea hadi Naabi, Serengeti. Siikatai barabara. Kila wimbi huikunja bapa na kuiachia, na chuma kinachokunjwa mara nyingi mno hupata nyufa ndogo, nyingi zikianzia pale katikati, kwenye tundu la senta bolti. Ila springi yenye nafasi ya kufanya kazi huyahimili mawimbi hayo kwa miaka. Iliyokwisha kulaliwa na mzigo haina nafasi hiyo. Inaanza safari ikiwa karibu na mwisho wa mkunjo wake, na kila tuta linaikuta hapo. Barabara humaliza kile ambacho uzito umekianza.

Hoja nzito zaidi ni ya fedha, nami naiheshimu, maana seti nzuri ya springi ni ghali na gari lililosimama kati ya Juni na Oktoba, msimu wa wageni, haliingizi kitu. Ndiyo maana dawa ya mtaani ni kuongeza bapa moja. Tatizo ni kwamba ugumu wa bapa hupanda kwa mchemraba wa unene wake: bapa ya milimita 8, kwa upana na urefu uleule, ni ngumu zaidi ya mara mbili kuliko ya milimita 6. Anayeokota bapa nene ya lori na kuichomeka chini ya zile za zamani amepandisha gari, kweli, lakini kazi ameigawa vibaya. Ile ngeni inabeba mno, zile za zamani zinaendelea kuchoka, na gari likirudi tupu linaruka hadi abiria anashika paa.

Wengine huzipeleka springi zilizochoka kwa mhunzi zikunjwe upya. Chuma cha springi hupata sifa zake kwa kuchomwa, kuzamishwa kwenye mafuta, kisha kupashwa tena kwa joto linalodhibitiwa. Moto wa makaa usiopimwa huvuruga mpango huo, na kukunja kwa nyundo bila moto hurudisha umbo tu, nyufa zikabaki palepale. Kwa trekta ya shambani au pikapu inayozunguka kijijini sina ugomvi na mhunzi. Vilevile bapa iliyovunjika porini, ifungwe kwa chochote kilichopo, watu wafike nyumbani.

Kurefusha kile kikono kinachobembea nyuma ya springi ndiyo dawa ninayoiona mbaya kuliko zote. Sentimita tano za kikono hukupa kama sentimita mbili na nusu tu za kimo, kwa kuwa ekseli iko katikati ya springi, na malipo yake ni ekseli kuzunguka, pua ya difu kutazama juu, na krosi za propela shafti kuanza kulia. Kuna jambo la hatari zaidi ambalo halilii. Magari mengi ya Toyota ya mizigo yana vali inayopima umbali kati ya ekseli na chasisi ili kujua kama gari limepakia. Ukiinua gari bila kuirekebisha vali hiyo, yenyewe inaamini gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma, wakati nyuma kumejaa watu.

Kwa hiyo mpangilio ninaoutetea unaanzia kwenye mizani. Gari lipimwe ekseli ya nyuma likiwa na mzigo wake wa kawaida, kisha zinunuliwe springi za uzito huo, zote mbili kwa pamoja. Bushi ziende mpya, na yubolti pia, kwa sababu iliyokwisha kuvutika haikazi tena kwa uhakika. Shokapu zilingane na kimo kipya, vinginevyo ekseli ikining'inia shokapu ndiyo inayogeuka kamba. Mipira ya breki iangaliwe hivyohivyo. Bolti za macho ya springi zikazwe magurudumu yakiwa chini na gari limejibebea uzito wake. Ukizikaza likiwa juu ya jeki, bushi za mpira zitaishi zikiwa zimesokotwa na kupasuka mapema.

Springi mpya hujilaza kidogo katika safari za mwanzo na yubolti hulegea. Zisipokazwa tena kabla ya kilomita 1,000, senta bolti hubeba msukumo usio wake, ikikatika ekseli inahama, na gari linakwenda upande. Mwenye gari asiye na nafasi ya kulirudisha kukazwa aahirishe kununua springi hizo mpaka aipate.